Sufuria Thelathini na Saba Kabla ya Mwaka Mpya

Juzi nilimkabidhi kijana aliyechukua nafasi yangu funguo za kanisa, ufagio, na ngazi yenye kipago kimoja kibovu. Akaniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua. Nikamwambia popo wa darini hutoka saa kumi na mbili na nusu jioni, dirisha la tatu halijafungika tangu nifike, na katika chumba cha nyuma ya madhabahu kuna sufuria moja ambayo haisuguliwi. Akacheka, akataka kujua sababu. Nikaanza kumweleza, lakini mkewe alikuwa anamsubiri langoni na mimi sikuwa nimefika hata robo. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa watunza kanisa wengine wanaodhani kazi yetu ni kufagia tu.

Habari za mshahara sitaziandika, kwa kuwa hazitajaza hata mstari mmoja. Vyeo pia sina vya kusimulia. Juu ya mtunza kanisa kuna mchungaji, na juu ya mchungaji kuna wale popo.

Nilishuka Tanga kutoka Usambara katikati ya miaka ya hamsini, kijana wa miaka ishirini na miwili, na sanduku la mbao lenye shuka moja na Biblia. Kaka yangu Danieli alinisindikiza hadi kituo cha treni Mombo. Hakuamini hata kidogo kwamba nitadumu mjini. "Elia," akaniambia, "jembe lako nalitia mafuta nalitundika ukutani. Halitapata kutu mpaka urudi." Kila mwezi aliniandikia barua, na kila barua iliishia na habari za afya ya jembe.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la bati, upande wa Chumbageni. Waumini wake walikuwa watu wa kuja kama mimi: Washambaa, Wapare na wengineo, watu wa reli, wauguzi, na familia kutoka mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji. Majirani zetu Waislamu, wenyeji wa pwani, walituita watu wa milimani. Hawakukosea. Nusu yetu tulikuwa bado tunaiogopa bahari, na wanawake wetu walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kukuna nazi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zakaria, mtunza kanisa aliyekuwa anastaafu kwa sababu ya goti. Goti lile lilikuwa na tabia zake. Lilikataa kupanda ngazi lakini halikukataa kwenda kwenye karamu. Siku ya kwanza alinipa ufagio akakaa kwenye benchi la mbele kunitazama. Nikaanza kufagia kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni.

"Unalipeleka wapi hilo vumbi?" akauliza.

"Mbele, Mzee."

"Likafanye nini mbele? Likabarikiwe? Anzia madhabahuni, vumbi litoke kwa mlango kama watu wengine."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Alinionyesha kupiga kengele yetu, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye boriti. Kwa ibada ilipigwa polepole, na kwa msiba polepole zaidi. Alinionyesha tawi la mvinje linalofaa kuwa mti wa Krismasi, na namna ya kulikata bila kuumwa na siafu. Jambo ambalo hakunionyesha ni kwamba mishumaa haivumilii joto la Desemba la Tanga. Krismasi yangu ya kwanza mishumaa yote sita ya madhabahuni ililegea, ikainama upande wa wanawake. Wazee wa kanisa wakalijadili jambo hilo kwa dakika arobaini.

Mchungaji wetu alikuwa Mchungaji Filipo, mtu mwembamba aliyependa utaratibu kuliko chakula. Alikuwa na namna yake ya kukasirika. Kadiri hasira ilivyopanda ndivyo sauti ilivyoshuka, na siku akikasirika kabisa ilikubidi umsogelee ili usikie unavyogombezwa. Aliniajiri kwa majaribio ya miezi sita, mwisho wake siku ya thelathini na moja Desemba. "Mwaka mpya utaamua," alisema. Nami niliyapeleka maneno hayo kitandani kila siku, pamoja na lile jembe.

Sasa nifike kwenye Marejesho. Katika usharika wetu kulikuwa na desturi kwamba hakuna anayeingia mwaka mpya na kitu cha mwenziwe. Tulishiriki Meza ya Bwana asubuhi ya Mwaka Mpya, na Mchungaji Filipo alishikilia kwamba mtu hawezi kwenda kupokea mkate na divai wakati kule nyumbani anapikia sufuria ya jirani aliyoiazima tangu Pasaka. Kwa hiyo tarehe thelathini kila kilichoazimwa kililetwa uwanjani pa kanisa, na tarehe thelathini na moja wenyewe walikuja kuchukua vyao. Ilipangwa hivyo ili watu wasionane uso kwa uso wakakumbushana.

Ninyi vijana hamwezi kujua ni vitu gani watu huazimana. Nilipokea pasi za mkaa, nyundo, miavuli, vitabu vya nyimbo, na mbuzi saba za kukunia nazi. Mtu mmoja alileta mlango. Mwingine alileta jogoo aliyeazimwa miezi mitatu kabla, wakati yule mwazimaji alipopata kazi ya zamu ya alfajiri na hakuwa na saa. Lakini kilichozidi vyote ni sufuria. Desemba ilikuwa na harusi, ubatizo na Krismasi yenyewe, na sufuria za usharika zilikuwa zimezunguka nyumba kwa nyumba mpaka zikasahau kwao. Nilizihesabu: thelathini na saba.

Kati ya hizo zilikuwamo mbili zilizojulikana na kila mtu, na hapo lazima niwataje Mama Samweli na Mama Eliza. Mama Samweli alikuwa Mshambaa, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuamrisha, mumewe fundi wa reli. Mama Eliza alikuwa Mpare, mdogo wa umbo, mke wa seremala, na alikuwa na jibu kwa kila kitu. Walikuwa marafiki wa kushibana. Wakati mmoja walikwenda pamoja dukani wakanunua sufuria mbili za namna moja, za ukubwa mmoja, kwa siku moja. Moja ikatokea kuwa ya kawaida. Nyingine ikawa haiunguzi. Ungeweza kubandika maharage ukaenda sokoni, ukasalimiana na mji mzima, ukarudi ukayakuta yameiva na hakuna kilichoshika chini.

Kisha siku ya ubatizo wa Samweli sufuria zote mbili zikapikiwa pamoja, na baada ya kuoshwa hakuna aliyekuwa na hakika ipi ni ipi. Ile nzuri ikaenda nyumbani kwa Mama Eliza. Mama Samweli akasema ni yake. Mama Eliza akasema ni yake yeye, na akaipaka doa la rangi ya buluu chini ili mjadala uishe. Mjadala haukuisha. Kwa miaka minane hawakusemezana. Kanisani walikaa ncha mbili za benchi moja wakashindana kumaliza wimbo, kila mmoja akiwahi "Amina" kabla ya mwenziwe, na sisi wengine tukifuata nyuma tukihema.

Na kwa kuwa hawakupatana, kila Mwaka Mpya Mchungaji Filipo aliwazuia Mezani. Wakati wengine wanashiriki, wao wawili walikaa nje kwenye benchi la ukutani, chini ya kivuli kimoja, kila mmoja akitazama upande wake. Mzee Zakaria aliniambia kwamba mwaka mmoja ilinyesha mvua, na mwenye mwavuli alikuwa Mama Eliza peke yake. Aliufungua akaushika katikati yao bila kugeuza shingo. Mwaka wangu ule wa kwanza Mchungaji aliamuru kila mmoja alete sufuria yake kwenye Marejesho, ili aimalize kesi hiyo mwenyewe mbele ya wazee.

Mzee Zakaria alilazwa hospitali siku mbili kwa ajili ya goti, kwa hiyo tarehe thelathini nilikuwa peke yangu. Alikuwa ameniachia maagizo. "Vipokee, vipange, usivichezee."

Nilivipokea. Nilivipanga. Halafu nikazitazama zile sufuria. Zilikuwa zimechafuka kupita kiasi. Chini masizi, pembeni masizi, mabaka ya rangi nyekundu, mabaka ya lami, vidoa vya chokaa, utadhani zimetoka vitani. Nikafikiri, Mchungaji atakuja kesho na kuona hivi, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya majaribio yangu. Kusugua si kuchezea.

Nikachota mchanga na majivu. Nikachukua kitita cha nyuzi za mkonge, ambazo kwetu Tanga hazikosekani, na chupa ya mafuta ya taa kwa ajili ya ile lami. Nikaanza saa saba mchana. Nilisugua nikiimba. Sikuwahi kufanya kazi kwa bidii kama ile, wala sijairudia. Ilipofika saa kumi na moja sufuria thelathini na saba zilikuwa zimepangwa kwa mistari uwanjani, zinang'aa kiasi kwamba yule jogoo alijiona kwenye mojawapo akaanza kuipiga. Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Wanawake walifika saa tatu asubuhi. Wa kwanza walitoa kigelegele. Wa pili wakatabasamu. Kisha wakaanza kuzipindua kutazama chini, moja baada ya nyingine. Mama Samweli alipindua tatu, nne, tano, halafu akanyooka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Shikamoo," nikasema, nikiwa bado natabasamu.

Hakuitikia marahaba. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Mshukuru Mungu kwamba yuko mbali."

Ndipo nilipoelewa. Ule uliokuwa uchafu machoni pangu ulikuwa majina. Doa jekundu lilikuwa la mke wa mwinjilisti, lami ilikuwa ya watu wa reli, vidoa vitatu vya chokaa vya fulani, na doa la buluu la Mama Eliza ndilo lililokuwa ushahidi pekee katika kesi ya miaka minane. Vyote nilikuwa nimevitoa kwa mchanga na nyimbo. Ni kweli zilibaki sufuria kumi na moja zilizokwaruzwa kwa msumari. Zote zilikwaruzwa msalaba.

Mzee Zakaria alikuja anachechemea na fimbo, akasimama mbele ya mistari yangu. "Nilikwambia usivichezee."

"Sikuvichezea, Mzee. Nilivisugua."

Alikaa chini pale pale, goti likatii bila ubishi.

Mchungaji Filipo hakupiga kelele. Aliniita kwa kidole, nikasogea. Akaniambia kitu, sikusikia. Nikasogea tena, mpaka sikio langu likawa karibu na ndevu zake. "Hakuna kilichorejeshwa hapa," alinong'ona. "Vimekusanywa tu. Hata sufuria moja ikibaki bila mwenyewe mpaka jua litue, kesho Meza haitaandaliwa kwa mtu yeyote. Na wewe utapanda treni ya kwanza." Nikalisikia jembe linanisalimu kutoka ukutani.

Tukajaribu. Mama mmoja alidai anaijua ya kwake kwa mlio, akachukua mwiko akaanza kuzigonga. Wengine wakaona ni wazo zuri. Kufumba na kufumbua wanawake thelathini walikuwa wanagonga sufuria uwanjani pa kanisa, jogoo anawika, na mwenye mlango anauliza kama kuna aliyeuona mlango wake, naye ameuegemea.

Kelele hizo zikamleta Bi Mwanahamisi. Huyu alikuwa jirani yetu Mwislamu, mpishi wa pilau ambaye harusi yoyote ya Chumbageni bila yeye ilihesabiwa kuwa mkutano tu. Alikuwa ametuazima sufuria yake kubwa kwa ajili ya Krismasi. Hiyo haikuwa na shida ya kujulikana, kwani mtoto wa miaka sita angeogea humo.

"Hodi! Harusi ya nani hii nisiyoalikwa?"

"Hakuna harusi, Bi Mwanahamisi. Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekupauka hivyo?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akazunguka mistari yangu, akapiga chini ya sufuria moja kwa kucha, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nyie watu wa milimani! Mwaitafuta sufuria kwa sura? Sufuria yajulikana kwa ukoko. Kila moja ina pahala pake pa kuunguzia. Mwanamke aliyepikia sufuria mwaka mzima ajua yaunguzia wapi kama ajuavyo jino bovu. Bandikeni uji, acheni uungue, mumwage mtazame."

Wazee wa kanisa walitazamana. Mchungaji Filipo akasema kitu. Tukamsogelea. Alikuwa amesema, "Unga upo."

Ulikuwapo kweli, gunia la karamu ya Mwaka Mpya. Tukapanga mafiga ya sufuria tisa tisa, tukawasha moto kwa kuni na kwa benchi moja lililokuwa limeshavunjika. Bi Mwanahamisi akasimamia. Sharti lake lilikuwa moja tu: hakuna kukoroga. Ninawaambia, sijaona mateso kama yale. Wanawake waliona uji unachemka, unashika, unaanza kunuka, na mikono yao ikawa inakwenda yenyewe. Mwishowe Bi Mwanahamisi aliwaamuru wote wafumbate mikono nyuma ya mgongo. Mama Samweli ilibidi afungwe kwa kanga.

Moshi ulipanda. Mmoja wa majirani alikuja na ndoo ya maji kuzima kanisa, tukampa bakuli la uji akakaa. Kila uji ulipoungua tulimwaga ndani ya vyombo, tukaielekeza sufuria juani, na wanawake wakainama kuangalia ukoko.

"Hii hapa! Pembeni, kama ukucha! Ni yangu!"

"Ya kwangu hiyo, vidoa viwili kama macho ya paka!"

Sijapata kuona watu wakifurahia kuunguza kiasi kile. Ule uji ulioungua haukumwagwa, tuliunywa. Waume walikuwa wamefika kufikia hapo, wakaketi kivulini wakipewa kila bakuli lionjwe. Mzee mmoja wa kanisa alionja, akasema bila kufikiri, "Huu ni wa kwetu." Na ilikuwa kweli, sufuria ilikuwa ya kwao. Mkewe hakusema naye hadi siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari.

Saa kumi alasiri sufuria thelathini na tano zilikuwa zimepata wenyewe. Zikabaki mbili, za namna moja, za ukubwa mmoja. Nilizibandika mwenyewe. Watu wote walisimama. Mama Samweli alifunguliwa kanga. Mama Eliza alisimama upande wa pili wa mafiga, amekunja mikono, ametazama kwingine.

Nikamwaga ya kwanza. Chini ilikuwa nyeusi kama kiatu. Nikamwaga ya pili. Chini palikuwa peupe, uji wote umetoka, hata harufu ya moshi haikuwamo. Basi kila mtu akajua hiyo ndiyo ile. Lilibaki swali la miaka minane, na mimi nilisimama katikati na mwiko nikihesabu masaa ya treni.

"Haya," akasema Bi Mwanahamisi. "Zenu hizo. Chukueni."

Mama Samweli aliitazama ile nzuri. Aliitazama sana. Halafu akatazama lile benchi la nje, la ukutani, ambalo mimi nilikuwa nimelipangusa asubuhi kwa ajili yao. Akainama, akaichukua ile iliyoungua.

"Yangu ni hii," akasema. "Yangu huunguza."

Mama Eliza akageuka kwa mara ya kwanza. "Weka chini. Hiyo ni yangu. Yangu ndiyo huunguza."

"Yako haiunguzi! Miaka minane mji mzima wajua sufuria yako haiunguzi!"

"Ile ilikuwa yako, mwenzangu! Ulisema mwenyewe kila mahali!"

"Na wewe uliipaka rangi!"

"Nilikosea rangi!"

Wakaishika sufuria mbovu kila mmoja upande wake, wakaivuta. Masizi yakawapaka hadi viwiko. Walikuwa wanagombana kwa sauti ya juu kabisa, wanarushiana kila neno walilokuwa wameliweka miaka minane, mpaka walipoanza kuchanganya ugomvi na habari: nani kazaa, nani kafiwa na mama yake na hakupewa pole, Eliza alivyougua surua na Mama Samweli alivyosimama usiku ukutani akisikiliza kama anakohoa. "Ulikuwa unasikiliza?" akauliza Mama Eliza. "Nitasikiliza nini kingine, nyumba zimepakana," akajibu Mama Samweli. Hapo wakawa wameishika ile sufuria bila kuivuta.

Mimi nilikuwa nalia, nakiri. Sehemu ilikuwa moshi.

Lakini ile nzuri ilikuwa bado chini, haina mwenyewe, na jua lilikuwa linashuka. Mchungaji Filipo alinong'ona, nasi sote tukamsogelea, usharika mzima, kama kuku waliomwagiwa mtama. "Imebaki moja," alikuwa amesema.

"Mchungaji," akasema Bi Mwanahamisi, "mimi si wa dini yenu, lakini nina macho. Hii mbovu wameikubali wote wawili, basi waipikie kwa zamu. Hii nzuri wameikataa wote wawili. Kitu kilichokataliwa kwa heshima namna hii kitakwenda wapi tena? Kiweke nyumbani kwa Mungu."

Mchungaji aliifikiria. "Itahitaji mtu wa kuitunza," akasema, na safari hii tulimsikia kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

"Aitunze yeye aliyeisugua," akasema Mzee Zakaria kutoka chini alikokuwa ameketi. "Hatarudia."

Hivyo ndivyo nilivyothibitishwa kazini. Asubuhi ya Mwaka Mpya nilipiga reli kwa nguvu hadi boriti ikalia. Kanisa zima lilinuka moshi na uji. Benchi la nje lilikuwa tupu, na ndani Mama Samweli na Mama Eliza walikaa bega kwa bega, wakashindana kumaliza wimbo kama kawaida, ila safari hii walikuwa wanachungulia kitabu kimoja. Walikwenda Mezani pamoja, viwiko vyao vikiwa bado na masizi ambayo hakuna mchanga ulioyatoa. Nilimwandikia Danieli kwamba jembe aliuze. Akajibu kwamba atangoja mwaka mmoja zaidi.

Tangu hapo ile sufuria nzuri ilitundikwa kwenye msumari wa tatu katika chumba cha nyuma. Mtu mwenye karamu aliiazima, akaipikia, akairudisha kabla ya mwaka kuisha. Wale wawili hawakuiazima hata mara moja. Waliendelea na ile mbovu, wiki kwa Mama Samweli, wiki kwa Mama Eliza, na waume zao walikula ukoko hadi uzeeni bila kulalamika mbele za watu. Mimi nilifagia, nikazeeka, nikafukuza popo, nikabadilisha mishumaa.

Miaka mingi baadaye Mama Eliza aliugua. Nilikwenda kumwona na nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa rohoni tangu ujana. Ile sufuria ilikuwa ya nani? Alicheka mpaka akakohoa. "Ya Mama Samweli," akasema. "Niliijua siku ile ile tulipotoka ubatizoni. Lakini ilikuwa inapika vizuri mno, Elia."

Alifariki wiki ya mwisho ya Desemba. Siku ya maziko Mama Samweli alikuja kanisani mapema, ameinama, anatembelea mkongojo. Hakunisalimu. Akasema, "Leo nipe ile ya msumari wa tatu." Nikaitungua nikambebea hadi kwenye nyumba ya msiba. Akabandika maharage, akaketi mbele ya moto na mwiko mapajani.

Nami nikamuuliza vilevile, maana sikuwa na adabu ya kungoja. Akanijibu bila kuinua macho. "Ilikuwa ya Mama Eliza. Nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Nilimwonea wivu tu."

Sikumwambia alichoniambia mwenziwe. Nilikaa naye. Moto ulikuwa mkali na yeye hakukoroga, wala sidhani alikuwa anaiona sufuria. Harufu ilipotufikia tulikuwa tumechelewa. Sufuria ambayo haikuwahi kuunguza kitu tangu itoke dukani iliunguza maharage ya msiba wa Mama Eliza. Tuliyala yote, na hakuna aliyesema neno, hata Bi Mwanahamisi, ambaye alikuwa amekuja na kiti chake na alikuwa hajawahi kunyamaza mbele ya chakula kibaya.

Baada ya watu kuondoka nikachota mchanga, nikachukua nyuzi za mkonge. Mama Samweli akanishika mkono.

"Hilo liache," akasema.

Nikaisuuza kwa maji, nikairudisha kwenye msumari wake. Doa liko chini, upande wa kushoto, kubwa kama kiganja. Katika miaka yangu yote nimesugua sakafu ile, madirisha, vinara, mabenchi, na mara moja, kwa bahati mbaya, kofia ya askofu. Doa lile sijaligusa, na wewe uliyezipokea funguo usiliguse.